Jibu la Barua Uliyoniandikia Ukiwa Kidato cha Tatu

Mwanangu Elifuraha,

Ni Ijumaa, saa kumi alasiri. Wewe na shangazi yako mko jikoni mnafunga vitu, nami nimejifungia huku chumbani kwa kisingizio cha kutafuta tochi ya kesho alfajiri. Tochi iko hapa mezani mbele yangu. Namsikia shangazi anakukataza kuweka mafuta ya kupikia karibu na nguo, nawe unamjibu kwamba hata Mpanda watu wanapika, mafuta utayakuta huko. Mnacheka. Kila mkinyamaza nadhani mnakuja kunitafuta.

Sitaandika habari za chandarua wala dawa, wala za kumwachia mtu mzigo stendi. Shangazi yako amekwisha kuyasema hayo, mengine ameyasema mara mbili. Mimi nina jambo moja. Ulipokuwa kidato cha tatu, wiki chache baada ya kumzika mama yako, uliniandikia barua kutoka bwenini. Ndani yake uliniuliza kama mama alikuulizia siku zake za mwisho pale hospitali. Sikukujibu. Nilikurudishia barua yako ikiwa imejaa wino mwekundu. Imepita miaka tisa. Kesho asubuhi unapanda basi kwenda Katavi kufundisha Kiingereza, na sitaki uondoke bila jibu.

Naogopa kuiandika barua hii. Nakwambia mapema, ili ukiniona nazunguka ujue ni kwa sababu gani.

Wacha nianzie mahali palipo rahisi. Unalikumbuka darasa la mama yako la Jumamosi, kwenye chumba cha watoto wa shule ya Jumapili nyuma ya kanisa. Ulipokuwa mdogo alikuwa anakwenda nawe, unakaa kwenye mkeka ukilichezea kopo la maharage mpaka uitwe uyagawe. Nadhani uliamini kwamba mama anafundisha watu wazima kuhesabu. Walikuja watu wa kila namna: akina mama wanaosafisha vyumba vya hoteli mjini, vijana waliotaka kuandika barua za kuomba kazi kwenye mashamba ya maua, walinzi, na kinyozi mmoja kutoka Sombetini aliyesema anataka tu kuelewa watoto wake wanaandikiana nini. Maneno ya Kiingereza walikuwa nayo. Kilichowashinda ni kuyapanga. Mtu alianza sentensi juu ya karatasi na kuimaliza karatasi ilipoisha.

Mama yako hakuanza na nukta. Alimwambia mtu asome alichoandika kwa sauti, na kila sauti inapotua aweke harage juu ya karatasi. Kisha wanarudi mwanzo wote wawili, na kati ya harage na harage anauliza maswali mawili: nani, na kafanya nini. Ukikosa jibu, hapo hapana sentensi, rudi ukaitafute. Ukiwa na majibu matatu, una sentensi tatu zimelaliana, zitenganishe. Ndipo harage linaondolewa na nukta inawekwa mahali pake. Alisema sisi kwa Kimeru na Kiswahili tumezoea kumbeba mtendaji mgongoni mwa kitenzi, kama mtoto kwenye kanga, lakini Kiingereza kinataka ashuke atembee kwa miguu yake. Ndiyo maana wengine wanamsahau kabisa, na wengine kwa hofu ya kumsahau wanamtaja mara mbili.

Loserian unamfahamu, yule mlinzi wa shamba la mboga, Mwarusha mrefu kutoka upande ule mwingine wa mlima. Alikuwa anakuja darasani na rungu lake na kuliegemeza mlangoni. Kazini walimtaka aandike kwa Kiingereza kwenye daftari la lindo kila anapomkabidhi mwenzake zamu. Siku yake ya kwanza alileta nakala ya taarifa moja. Ilianza saa kumi na mbili jioni ikaenda mpaka saa kumi na mbili asubuhi, ukurasa mzima na nusu, bila kituo hata kimoja.

Mama yako akamuuliza, "Baba, huku kote hukupumzika?"

"Mwalimu, nikiweka nukta bosi atasema hapo nililala."

Watu walicheka mpaka mchungaji akaja kuchungulia. Mama yako hakucheka. Akamwambia, "Basi nukta tutaiweka, halafu sentensi inayofuata ianze wewe ukiwa umesimama."

Mimi nilikuwepo siku hiyo, nimekaa nyuma, nasubiri kumbebea vitabu. Nilikuwa mwanafunzi wake bila kuandikishwa. Unajua nilimaliza kidato cha nne na daraja la nne, nikaingia kazi ya stoo, na Kiingereza changu kilikuwa cha magunia na makreti. Kila nilichojua zaidi ya hapo nilikiokota nyuma ya darasa lake. Shangazi yako alipenda kunitania mbele za wageni: "Siku hizi Baba Eli hata chumvi anaomba kwa Kiingereza." Nami nilikuwa najisikia vizuri, nisikufiche.

Kisha ukaja ugonjwa wa figo zake. Hayo unayajua, au unayajua kama nilivyokusimulia. Nitayarudia baadaye.

Jumamosi ya kwanza baada ya matanga, wewe ukiwa umekwisha kurudi shule, nilikwenda kanisani kuwaambia watu darasa limekwisha. Nikakuta rungu la Loserian mlangoni. Walikuwa wamekaa kwenye vile viti vidogo vya watoto, magoti juu, madaftari mapajani. Mama mmoja akainuka nusu akasema, "Shikamoo mwalimu." Hakuna mtu aliyewahi kuniita mwalimu. Nikakaa kwenye kiti cha mama yako, nikachukua daftari lililokuwa karibu.

Nikaanza kusahihisha. Na ukweli ni kwamba ilinipa nafuu. Kosa la nukta lina dawa. Unaliona, unaliwekea alama, limekwisha, unaenda lingine. Nyumbani hapakuwa na kitu kingine kilichotengenezeka. Ng'ombe alikuwa hali vizuri, paa la jiko lilivuja, wewe ulikuwa mbali, na kitanda kilikuwa kikubwa. Lakini nikipewa daftari chafu naweza kulirudisha safi. Nilianza kununua kalamu nyekundu mbilimbili. Yale maharage niliyaacha kabatini, niliyaona yanachelewesha. Madaftari nilikuwa nayachukua nyumbani na kuyajaza mwenyewe, nikaandika sentensi za watu upya mpaka zikawa zangu. Watu walishukuru. Waliondoka na kurasa nzuri ambazo wasingeweza kuziandika tena kesho yake.

Barua yako ikanikuta katika hali hiyo.

Ilikuja kwa sanduku la posta la usharika, kurasa tatu za daftari la hesabu, kwa Kiingereza. Simu hamkuruhusiwa, na wewe na mama yako mlikuwa na desturi yenu ya kuandikiana kwa Kiingereza kila mwezi. Mimi barua zile sikuwahi kuzisoma, zilikuwa zenu. Nilichokuwa nakiona ni mama yako amekaa mezani na barua yako mbele yake na kalamu nyekundu mkononi. Basi ulipoandika kwangu kwa Kiingereza, nikajiambia, mtoto anataka niendeleze kazi ya mama yake. Ndivyo nilivyojiambia. Nikachukua kalamu.

Wewe unajua nilichofanya, maana uliipokea. Ila hujui jinsi nilivyokaa nayo. Ukurasa wa kwanza nilitenganisha sentensi zako, maana zilikuwa zimekimbizana zote, moja juu ya nyingine, kama ng'ombe waliofunguliwa zizi kwa ghafla. Uliandika kuhusu mama na ukamtaja mara mbili katika sentensi moja, kosa lile lile la watu wetu. Nikamkata mara moja. Swali lako lilikuwa ukurasa wa pili, katikati. Nililiona, Eli. Nililisoma kuliko mstari mwingine wowote. Ulikuwa umesahau alama ya kuuliza. Nikaiweka, nikashuka mstari unaofuata.

Mwishoni nikatoa maksi. Kumi na mbili kwa ishirini. Nikaandika chini: Jitahidi, angalia mwisho wa sentensi. Nikaipeleka posta siku hiyo hiyo, kwa haraka, kama mtu anayetoa kitu cha moto nyumbani.

Hukuandika tena. Likizo ulikuja, ukanisalimia, ukasaidia kazi, ukaondoka. Hukuninunia hata siku moja, na hilo ndilo lililonitisha. Ulipopata simu ukaanza kunitumia ujumbe. Nimeuhifadhi wote. "Shikamoo baba. Nimefika salama." "Mitihani imeisha, namshukuru Mungu." Herufi kubwa mwanzoni, mkato mahali pake, nukta mwishoni. Hakuna kosa hata moja kwa miaka yote hiyo. Nilikuwa najivuna nao, mpaka siku moja shangazi yako alinipa simu yake nimsomee kitu, kwa sababu ya macho, nikaona ulivyokuwa unamwandikia yeye. Ujumbe mrefu kama mkono wangu, hauna nukta hata moja, umeruka kutoka kwa mwenzako wa chumbani mpaka bei ya nyanya mpaka ndoto uliyoota mpaka mwalimu anayekohoa. Nilimsomea nusu tu. Kisha nikamrudishia simu. Nilitamani ile isiyo na nukta iwe yangu.

Na ulipokuwa chuoni Dodoma ukalazwa kwa homa ya matumbo, nikajua ukiwa umekwisha kutoka. Nilimuuliza shangazi kwa nini sikuambiwa. Akasema, "Mtoto alinikataza. Alisema baba atahangaika bure." Siku uliyolazwa uliniandikia: "Sijambo baba. Masomo yanaendelea vizuri." Ulikuwa na dripu mkononi.

Hiyo ndiyo hofu yangu ya kesho, niitaje waziwazi. Si basi, wala umbali, wala shule isiyo na umeme. Naogopa utapatwa na jambo kule na mimi nitapokea sentensi moja safi.

Umegonga mlango hapa katikati. Umeuliza, "Baba, tochi bado?" Nikasema bado. Ukasema, "Nije tutafute wote?" Nikasema hapana, imo humu humu, nitaipata. Ukasimama kidogo nje, kisha ukaondoka. Nimekaa nikisikiliza ndala zako mpaka jikoni. Ona hata leo nimekudanganya.

Kosa langu sikulijua kwa akili yangu mwenyewe. Ni Loserian aliyenionyesha, karibu mwaka mmoja baada ya barua yako. Nilikuwa nimewapa kazi ya kuandika jambo lililowatokea kazini. Yeye akaandika jinsi mlinzi mwenzake alivyoumwa na nyoka kwenye mfereji wa maji, jinsi alivyomfunga mguu na kumbeba mgongoni mpaka barabarani. Nikamrudishia na wino wangu. Akaitazama kwa muda mrefu. Akaigeuza nyuma kuona kama kuna kitu, akaigeuza tena.

"Mwalimu," akasema, "umeisoma?"

"Nimeisoma yote."

"Hapa nimeandika mwenzangu kaumwa na nyoka. Wewe umeandika nukta."

"Ndiyo, sentensi ilikuwa ndefu mno."

"Sawa, ilikuwa ndefu. Lakini hujaniuliza kama alipona."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekuonyesha kwamba kifungo cha shati kimefunguka. Kinyozi akajaribu kutuokoa, akamwambia, "We Loserian, umekuja kusoma au kutoa taarifa?" Watu wakacheka kidogo. Mimi nilimuuliza, "Alipona?" Akasema alipona, ila mguu unamsumbua wakati wa baridi, na kwamba huwa anauliza darasa linaendeleaje kwa sababu angependa kuja. Nikasema aje. Kisha nikatoka nje kama ninayekwenda kujisaidia, nikasimama nyuma ya tangi la maji la kanisa, nikaukumbuka ukurasa wako wa pili.

Wiki ile nikafungua sanduku la mama yako na kutoa madaftari yake. Alikuwa anaandika rasimu za barua zake kwako kabla ya kuzinakili. Samahani, nilizisoma. Alianza kila moja kwa kujibu ulichosema. Ukisema ugali una mawe, anauliza nani anachambua. Ukisema umegombana na rafiki, anakusimulia alivyogombana na wake. Kurasa mbili, tatu, za namna hiyo. Mwisho kabisa anachukua sentensi yako moja, moja tu, anaiandika upya, na kusema tazama hii inavyosimama. Kalamu nyekundu ilikuwa kwa ajili ya hiyo moja. Mimi nilikuwa nimeiona kalamu tu, barua sikuiona.

Tangu hapo nikayarudisha maharage. Sijawa mwalimu mzuri, lakini sasa mtu akinipa karatasi namjibu kwanza. Nauliza mtoto alipona, kazi aliipata, mgeni alilipa. Mara nyingi akinijibu kwa mdomo, sentensi inatoka imenyooka yenyewe, na namwambia, haya, andika hiyo hiyo. Loserian alijifunza kuvunja taarifa yake vipande, na leo ni mkuu wa lindo, anasoma taarifa za wengine. Analalamika kwamba hawaweki nukta.

Krismasi tulibishana juu ya haya, wewe na mimi, tukimenya ndizi. Mimi nilisema usiwe mwepesi wa wino. Ukasema, "Baba, mtihani wa taifa hauna shangazi. Mtoto asipojua sentensi inaishia wapi, anafeli, na akifeli anarudi kulima tumbaku, na mimi nitakuwa nimemwonea huruma tu." Niliendelea kumenya, kwa sababu una haki. Wasahihishie, mwanangu. Watakuwa wengi kuliko madawati, na wengi watakuwa wanaongea lugha nyingine nyumbani, kama sisi. Wanahitaji mtu wa kuwaambia ukweli kuhusu sentensi zao. Nilichokuwa nashindwa kusema, tukiwa na zile ndizi mikononi, ni kitu kidogo zaidi. Katika rundo la madaftari sitini patakuwa na moja ambalo mtoto ameandika jambo lake la kweli, na ameliandika vibaya, kwa sababu jambo la kweli likiwa bichi halipangiki. Utakuwa umechoka. Utaliona, na mkono utataka kupita haraka. Mimi mkono wangu ulipita. Simaanishi usiweke alama. Nasema tu kwamba ninajua jinsi mkono unavyopita.

Shangazi ameanza kukaanga vitunguu. Nimezunguka vya kutosha.

Jibu ni ndiyo. Mama yako alikuulizia.

Jumatatu ya wiki yake ya mwisho daktari aliniita pembeni akasema, "Mzee, ni vizuri uwaite watu wa karibu." Nikampigia shangazi yako, lakini nikamwambia tu aangalie ng'ombe, alichosema daktari sikumwambia. Wewe ulikuwa unaanza mitihani ya muhula. Nikajiambia itaisha Ijumaa, nitampigia matroni Ijumaa. Daktari hakusema Ijumaa. Nilijipangia mwenyewe.

Jumanne mama yako aliuliza, "Eli yuko wapi?" Nikasema shuleni. Akauliza, "Leo ana mtihani gani?" Nikasema Kiingereza, sikujua. Akasema, "Kiingereza ni kesho." Ratiba yako alikuwa nayo kichwani.

Jumatano asubuhi akauliza tena, "Umempigia?" Nikasema nimempigia, yuko njiani. Ulikuwa hujaambiwa lolote. Nilisema hivyo ili atulie. Akasema, "Basi ngoja nimsubiri." Akamwomba nesi amwinulie kitanda ili auone mlango. Siku nzima alikataa kulala. Mlango ulikuwa unafunguliwa na kila mtu, wauguzi, mama wa usafi, wageni wa kitanda cha pili, na kila ulipofunguliwa aligeuza kichwa. Mimi nilikuwa nimekaa pale, Elifuraha. Ningeweza kutoka nje na kupiga simu na uongo ukawa kweli ndani ya saa tatu. Sikutoka. Nilidhani nikikuita nitakuwa nimekubali kwamba anakufa.

Alhamisi saa tatu asubuhi alisema, "Njia ni mbovu?" Nikatoka nikapiga. Matroni akasema mko ndani ya chumba cha mtihani, mkitoka atakwambia. Mama yako alifariki saa nne na nusu, kichwa kimeelekea mlangoni.

Umeishi ukijua kwamba hali ilibadilika ghafla. Ndivyo nilivyokwambia, ndivyo nilivyowaambia watu wote msibani, na shangazi yako ameamini hivyo mpaka leo. Haikubadilika ghafla. Palikuwa na siku tatu, na zilikuwa zako, mimi nikazizuia. Ulipouliza kama alikuulizia, jibu lilikuwa linakuja na mkia huu wote, na mimi nilikuwa mwoga. Nikakupa maksi.

Sikuombi unisamehe. Sijui hata kama jambo hilo linaombwa kwa barua. Naomba kitu kingine. Ukiumwa kule, niambie mimi. Ukiogopa, ukikosana na mkuu wa shule, ukitamani kurudi, ukifanya kosa kama langu, niambie bila kupanga. Anzia katikati. Rukia bei ya nyanya. Usiniwekee nukta. Na kama baada ya kusoma haya huna hamu ya kuniambia lolote, niambie hilo pia, kwa urefu wowote.

Nilikusudia kuificha barua hii kwenye begi lako, kati ya nguo, uikute Singida au Tabora ukiwa na basi zima la watu usiowajua. Ndivyo nilivyopanga tangu asubuhi. Sasa nimeisoma tangu mwanzo, na naona huko ni kukufanyia tena yale yale: kukutumia jambo zito kwa posta na kubaki mbali lisinifikie.

Nakuletea jikoni sasa hivi. Nitamwomba shangazi atoke nami, tukae kwenye benchi la nje. Soma pole pole. Chakula kitasubiri. Una jioni hii yote ya kunigombeza nikiwa hapa hapa, hatua kumi kutoka ulipo, na siendi popote.

Baba yako.